Kufufua pikipiki kuukuu ya tu-stroki: usipige kiki kwanza

Kila Desemba ikipita, maswali huwa yale yale. Mtu ameenda kwao mashambani, amekuta Yamaha DT 175, AG 100 au Suzuki TF 125 ya babu iko ghalani chini ya magunia, ameipakia kwenye lori la viazi mpaka Nairobi, na sasa imesimama uani Kayole au Kahawa West. Imelala miaka kumi au kumi na tano. Anauliza: nitie petroli nipige kiki?

Usipige. Nimeona injini zilizolala salama miaka yote hiyo zikauawa kwa dakika kumi za pupa, na wenyewe wakaambiwa eti pikipiki hizi zimepitwa na wakati. Nyingi bado ni nzima. Zinachohitaji ni mtu wa kufuata utaratibu.

Nadharia nitakupa moja tu. Bodaboda za petroli unazoziona kila siku ni za mipigo minne: oili yake imekaa chini ya injini na inazunguka humo humo. Tu-stroki, yaani ya mipigo miwili, haina oili ya namna hiyo. Krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), beringi zake na pistoni vinalainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, ikapita mara moja, ikaungua na kutokea eksozi. Oili iliyo kwenye gia ni nyingine kabisa na haifiki kwenye pistoni. Halafu mchanganyiko huo hupita kwanza kwenye chumba cha krenki ndipo upande juu, kwa hiyo chumba hicho hakitakiwi kuvuta hewa ya nje hata kidogo. Petroli bila oili, na hewa inayoingia isikotakiwa: hayo mawili ndiyo yanayoua hizi mashine.

Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta logbuku. Linganisha namba iliyogongwa kwenye fremu na iliyoandikwa humo, kisha hakikisha rekodi kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen. Kama mwenye jina ni marehemu, familia ianze mambo ya mirathi mapema, maana uhamisho bila hati hizo hukwama. Inauma kumaliza injini halafu ukakosa karatasi.

Vitu vya kuwa navyo

- Spana za 8 hadi 19, spana ya plagi, plaizi, na bisibisi ya nyota inayoshika vizuri. Skrubu za Kijapani za zamani huliwa kichwa upesi ukitumia bisibisi iliyochakaa.
- Pula ya kuvulia magneto (gurudumu la sumaku linalotengeneza umeme wa plagi), ya saizi ya pikipiki yako. Hii usiikwepe.
- Fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya.
- Oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) lita 1, na oili ya gia ya kiwango kinachotakiwa na kitabu cha pikipiki yako.
- Plagi mpya ya namba ya kitabu, si ya bodaboda yoyote iliyo karibu.
- Petroli mpya lita 3, na sirinji kubwa ya duka la dawa ya kupimia oili.
- Mpira mpya wa petroli na chujio dogo la kuweka katikati yake.
- Gasketi za kichwa na silinda, na oili sili mbili za krenki (pete za mpira za kuzuia uvujaji).
- Msasa laini, brashi, mafuta ya taa ya kuoshea, matambara safi.
- Trei ya mayai. Kila skrubu na kitundu chake, kwa mpangilio ulivyofungua.
- Siki lita 5 na magadi, kama tangi lina kutu.
- Ndoo ya mchanga kando yako. Petroli na jiko la makaa havikai ua mmoja, na kama jirani anachomelea geti, ngoja amalize.

Spea utazitafuta Kirinyaga Road na kwa mafundi wa Grogan. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, usiende na maelezo ya mdomo. Kwa sili kuna njia rahisi zaidi: juu ya sili yenyewe kumeandikwa namba tatu, kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Ukienda duka la beringi na namba hizo utahudumiwa mara moja. Ukiomba "sili ya Yamaha ya zamani" utaambiwa haipo. Taja pia kwamba itakutana na petroli na joto, ili wasikupe ya mpira hafifu.

Na kuna jambo ambalo mtu atakuambia, nina hakika: "Hiyo kabureta yako tupa, weka ya bodaboda ya Boxer, inaingia." Ndiyo, inaingia. Lakini kabureta ya injini ya mipigo minne haikupimwa kwa tu-stroki. Itakupa petroli pungufu mahali fulani kwenye mwendo, pamoja na petroli oili itapungua, na pistoni itashika, yaani itakwama ndani ya silinda, ukiwa barabarani. Kabureta ya asili, hata ikiwa imeoza kwa nje, mara nyingi husafishika.

Hatua kwa hatua

1. Piga picha, kisha kagua. Piga picha kila upande, hasa njia za kebo na nyaya. Halafu fungua kisanduku cha chujio la hewa na uchungulie eksozi. Nyigu wa udongo hupenda sana matundu haya. Eksozi moja niliigonga kwa mkono ikasikika nzito kama gunia. Nilipoipindua ukatoka udongo mkavu, vipande vya saizi ya kidole, na ndani ya kila kipande ganda la mdudu. Injini ile ingepigwa kiki hadi jioni na isingewaka. Chujio la sponji lililokuwa likibomoka mkononi lisirudi: vumbi lake likinyonywa ndani husaga silinda.

2. Jua kama injini imeshika. Toa plagi. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Utaona kichwa cha pistoni: kikiwa cheusi chenye mafuta mafuta, shukuru, kikiwa chekundu kwa kutu, jiandae kwa hatua ya 3. Mimina vijiko viwili vya oili ya 2T kupitia tundu la plagi na uache usiku kucha. Asubuhi weka gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma, na ulisukume polepole mbele na nyuma. Unataka kuhisi pistoni ikisogea, hata kidogo. Ikikataa, mimina dizeli iliyochanganywa na oili, ngoja siku mbili tatu, rudia.

*Onyo:* usigonge pistoni kwa nondo kupitia tundu la plagi. Usiunge bomba kwenye mkono wa kiki ili upate nguvu. La kwanza hutoboa pistoni, la pili huvunja meno ya kiki, na kuyafikia ni lazima ufungue sehemu kubwa ya injini.

3. Fungua kichwa na silinda. Hata kama injini inazunguka, mimi bado nafungua. Kazi ni ya saa mbili tu, na inakuonyesha ukweli wote. Legeza nati za kichwa kimsalaba, kidogo kidogo. Silinda ikigoma, igonge pembeni kwa nyundo ya mpira. Usitumbukize bisibisi kati ya mapezi yake, yatavunjika kama biskuti.

Silinda ikianza kuinuka tu, kabla pistoni haijatoka yote, sokota tambara safi ulizibe tundu la krenki. Si ushauri wa hiari. Vile vipini vidogo vya waya vinavyoshika pini ya pistoni hupenda kuruka, na kikiingia chini utafungua injini nzima kukitafuta.

Sasa pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, silinda inahitaji kuchongwa. DT 175 ina silinda ya kipenyo cha milimita 66, na pistoni za kuongeza, yaani kubwa kuliko ya asili, huja kwa hatua za milimita 0.25. Nunua pistoni kwanza, ndipo uipeleke pamoja na silinda kwa mchongaji wa Kariobangi Light Industries au Industrial Area, ili achonge kufuata pistoni uliyoshika. Ukichonga kwanza unaweza kuzunguka mji mzima ukitafuta pistoni ya saizi ambayo haipo.

Angalia ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni. Zikiwa zimegandiana na pistoni kwa masizi, ziloweke kwenye mafuta ya taa na uzitoe taratibu. Kila ringi, ikiwekwa peke yake ndani ya silinda, iache mwanya mdogo unaolingana na kitabu. Ukizidi sana, nunua mpya. Wakati wa kurudisha, mshale ulio juu ya pistoni utazame eksozi, na ncha mbili za kila ringi zikumbatie kile kipini kidogo kilicho kwenye mfereji wake. Wanaoanza hukosea hapa kuliko mahali pengine popote: ringi ikikaa nje ya kipini, silinda haiingii, mtu anaigonga, ringi inakatika.

Kwangua masizi kwenye kichwa, juu ya pistoni na kwenye tundu la eksozi kwa kipande cha mbao ngumu au alumini. Chuma kitachora. Vipini vya pini ya pistoni viwe vipya kila mara.

4. Badilisha sili za krenki. Ziko mbili: moja nyuma ya magneto, nyingine upande wa klachi. Baada ya miaka kumi mpira huwa mgumu kama pembe. Ya upande wa magneto ikivuja, injini huvuta hewa, mchanganyiko unakosa petroli, joto linapanda na pistoni inashika. Ya upande wa klachi ikivuja, injini hunyonya oili ya gia na kutoa moshi usiokwisha. Mtu akikushauri uwashe kwanza uone kama zinavuja, mwambie bei ya pistoni. Kuna modeli ambazo sili ya upande wa klachi huingia tu krenki ikifunguliwa. Kama yako ni hivyo, mpe fundi aliyewahi kufanya kazi hiyo.

5. Moto. Magneto ukiwa umeitoa kwa pula (si kwa kuigonga), ichunguze. Modeli za zamani zina pointi, vibao viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Zisugue kwa msasa laini sana, kisha pitisha karatasi safi kati yake mpaka itoke bila weusi. Mwanya wake kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 0.3 hadi 0.4. Angalia pia kile kikabari kidogo kinachoshika magneto kwenye krenki: kikiwa kimekatika nusu, majira ya moto yamehama na hutaelewa kwa nini pikipiki inapiga risasi.

Jaribu plagi mpya ikiwa nje, mwili wake ukigusa chuma cha injini, mbali na tundu la silinda. Cheche nene ya buluu ndiyo unayotaka. Ikiwa nyembamba ya manjano, angalia kondensa, koili na kofia ya plagi. Kofia za plagi zimenidanganya mara nyingi. Kata sentimita moja ya waya na uifunge upya kabla hujanunua koili.

6. Tangi. Petroli ya zamani hunuka kama vanishi. Imwage yote kwenye chombo, usiimwage mtaroni. Mtaro wa Nairobi huishia mtoni. Kama kuna kutu, tia siki pamoja na gao mbili za nati ndogo ulizozihesabu, tikisa, acha siku mbili, tikisa tena. Mwaga, suuza, kisha tia maji yenye vijiko kadhaa vya magadi ili kuua ukali wa siki, suuza tena, na ukaushe juani siku hiyo hiyo. Hesabu nati zinazotoka. Paka ndani oili kidogo, la sivyo kutu itarudi ndani ya saa chache. Bomba la petroli lifunguliwe pia, chujio lake liko ndani.

7. Kabureta. Ifungue juu ya sinia. Bakuli la chini litakuwa na uchafu wa kijani au wa kahawia kama gundi. Toa jeti kuu na jeti ndogo (vipande vyenye vitundu vya kupimia petroli), loweka, kisha zimulike dhidi ya mwanga: tundu liwe duara kamili na safi. Jeti ndogo ndiyo inayoziba zaidi na ndiyo watu huisahau. Izibue kwa unyoya wa brashi au uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Ukitumia waya wa chuma unalipanua tundu, na jeti hiyo imekufa hata ikionekana safi.

Pindua floti (boya la ndani ya bakuli) uone sindano yake inaziba. Skrubu ya hewa ikaze polepole mpaka mwisho, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu. Yenye vali za ulimi kati ya kabureta na silinda, kama DT, ndimi zilale bapa bila mwanga kupita. Mpira unaounganisha kabureta na injini ukunje kwa vidole. Ukionyesha nyufa, badilisha.

Kuna jambo la hapa kwetu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Pikipiki iliyopimwa kwa pwani hapa hupata petroli nyingi kuliko hewa: inakuwa nzito, plagi inaloa. Dawa yake ni jeti kuu ndogo kwa saizi moja au mbili, lakini usifanye hivyo siku ya kwanza. Siku ya kwanza, petroli kuzidi ni afadhali kuliko kupungua. Kwa sababu hiyo hiyo ya hewa, geji ya kompresheni (ya kupima mgandamizo ndani ya silinda) ikisoma psi 120 pwani, injini ile ile hapa itasoma kama 100. Usichonge silinda isiyo na kasoro kwa sababu ya namba hiyo.

8. Oili kwenye petroli. Hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu. DT yangu ya kwanza ilikuwa na pampu ya oili, ule mfumo wa Autolube ambao Yamaha waliuanzisha mwaka 1964. Kitangi cha oili kilijaa, nikaamini pampu inafanya kazi, nikatia petroli tupu. Nilipita Museum Hill vizuri. Nikiwa napanda kuelekea Westlands, sauti ikabadilika, ikawa kavu, kama sufuria inayokwaruzwa, na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Mpira wa pampu ulikuwa umejaa hewa. Tone moja la oili halikuwa limefika. Silinda nilichonga, pistoni nikanunua, na mwezi mzima nilienda kazini kwa matatu.

Kwa hiyo, hata kama yako ina pampu, tangi la kwanza lichanganye kwa mkono: mililita 40 za oili ya 2T kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 200 kwa lita 5. Changanya kwenye chombo kando, tikisa, ndipo umimine. Kisha legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu, acha oili itiririke hadi mapovu yaishe, kaza. Injini ikishawaka, vuta kebo ya pampu kwa mkono na utazame mpira mwembamba unaoingia kwenye injini: oili itembee bila povu. Mpaka uone hivyo kwa macho yako, usiache kuchanganya.

*Onyo:* mafundi wengi wa mtaani wamekulia kwenye bodaboda, na kwa nia njema kabisa watakutilia oili ya injini ya mipigo minne. Hiyo haikutengenezwa kuungua; huacha masizi mazito. Sema 2T, na usome chupa mwenyewe.

9. Oili ya gia. Mwaga ya zamani, tia mpya kwa kiasi cha kitabu. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yaliingia. Badilisha tena baada ya wiki.

10. Washa. Sasa ndiyo kiki. Kwanza hakikisha akselereta inarudi yenyewe ukiiachia, na breki ya nyuma inashika. Fungua petroli, ngoja dakika moja, vuta choki, usishike akselereta. Piga kiki za taratibu tatu nne swichi ikiwa imezimwa, kisha washa swichi na upige kwa nguvu moja. Ikiwaka, moshi utakuwa mwingi kwa sababu ya oili uliyomwaga ndani. Waonye majirani wenye nguo kwenye kamba. Rudisha choki baada ya nusu dakika, iache ingurume kwa chini.

Ikianza kupanda mwendo yenyewe na isishuke, inavuta hewa mahali, au kibao cha akselereta ndani ya kabureta kimewekwa kinyume. Zima swichi. Isipozimika, ziba mdomo wa hewa kwa tambara zito, au weka gia ya juu, shika breki na uachie klachi. Usiiwashe tena mpaka uone tatizo.

Ikikataa

*Plagi imelowa, haiwaki.* Petroli imezidi. Funga petroli, toa plagi, piga kiki kumi akselereta ikiwa wazi, kausha plagi, jaribu upya.

*Plagi ni kavu kabisa.* Petroli haifiki. Angalia tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, halafu sindano ya floti.

*Inawaka, inazima ukifungua akselereta.* Jeti kuu ina uchafu, au hewa inaingia penye mpira wa kabureta. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio: mlio ukibadilika, hapo ndipo.

*Ina nguvu chini, juu imejifunga.* Eksozi imeziba kwa ukoko wa masizi. Toa mrija wa ndani, uuchome na kuukwangua.

*Moshi mweupe hauishi na oili ya gia inapungua.* Sili ya upande wa klachi. Rudi hatua ya 4.

*Inapiga vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inazima.* Koili au kondensa. Ikipoa ikawaka tena, una hakika.

Kilomita za kwanza

Usiende Thika Road siku hiyo. Zunguka mtaani kilomita tano, bila kuivuta zaidi ya nusu akselereta, na ukiwa kwenye mteremko usiache akselereta imefungwa muda mrefu, maana ikifungwa, oili nayo inapungua. Weka vidole viwili kwenye klachi wakati wote; ukisikia sauti imekauka, ibane papo hapo. Ukirudi, acha ipoe, kaza tena nati za kichwa kimsalaba, kisha toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia kama chai ya rangi ni nzuri. Nyeusi yenye mafuta itarekebishika kesho. Nyeupe, usiiendeshe tena mpaka upate hewa inaingilia wapi.